Kabla hujanunua mafuta ya bangi kwa ajili ya mgonjwa wa saratani

Siku hizi ndugu wa wagonjwa wanaofika kwenye dirisha letu la dawa wana swali moja. Mmoja anasogea, anashusha sauti, anauliza: "Eti daktari, mafuta ya bangi yanaponya kansa?" Huyo anayeuliza namshukuru. Wasiwasi wangu uko kwa yule ambaye ameshanunua kichupa mpakani, Tunduma au Kasumulu, ameshaanza kumpa mama yake matone usiku, na sisi tunakuja kufahamu pale mama anapolala mchana kutwa, akiamka hajui yuko wapi.

Mimi ni mfamasia ninayeandaa dawa za saratani katika hospitali ya rufaa hapa Nyanda za Juu Kusini. Wanaouliza wana haki ya kujibiwa bila kufokewa, na jibu lenyewe ni hili: hakuna saratani yoyote ambayo bangi imethibitishwa kuiponya kwa binadamu. Si ya shingo ya kizazi, si ya titi, si ya tezi dume, si ya koo. Chama cha wataalamu wa saratani cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2024 kikishauri bangi isitumike kutibu saratani yenyewe nje ya utafiti unaosimamiwa.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kuna ukweli kidogo ndani ya uvumi huu. Tangu mwaka 1985 Marekani imeidhinisha dawa mbili zinazohusiana na kemikali ya bangi iitwayo THC. Ni dronabinoli na nabiloni, zote zinatengenezwa kiwandani, na hutumika kupunguza kichefuchefu na kutapika kwa mgonjwa anayepata dripu za saratani ambaye dawa za kawaida zimeshindwa kumsaidia. Basi. Hazigusi uvimbe. Ndugu msomaji, kutuliza kutapika na kuondoa saratani ni mambo mawili, na anayekuuzia kichupa huku akiyafanya kuwa jambo moja anakudanganya, hata kama yeye mwenyewe anaamini anachosema.

Zipo pia habari za maabara. Ni kweli THC na mwenzake CBD, kemikali nyingine ya bangi, zimeua seli za saratani ndani ya vyombo vya kioo. Vitu vingi sana huua seli katika kioo, kwa sababu pale hakuna ini la kuivunja dawa, hakuna damu ya kuisambaza, wala hakuna mgonjwa wa kudhurika. Mwaka 2006 watafiti wa Hispania waliwapa THC moja kwa moja ndani ya uvimbe wagonjwa 9 wenye saratani kali ya ubongo iitwayo glioblastoma. Walichoweza kuonyesha ni kwamba njia hiyo inavumilika, uponyaji hawakuuonyesha. Mwaka 2021 Waingereza walitoa matokeo ya jaribio jingine dogo la ugonjwa huohuo, wakitumia dawa ya kupulizia mdomoni iliyopimwa kiasi cha THC na CBD, pamoja na dawa ya kawaida ya saratani. Matokeo yalitia moyo kiasi cha kuanzisha jaribio kubwa zaidi mwaka 2023. Hiyo ndiyo hali halisi ya sayansi: saratani moja ya ubongo, dawa iliyopimwa, pamoja na tiba ya kawaida na si badala yake.

Najua jibu ninalopewa nikifika hapa: "Lakini ni mmea, dawa za mimea hazina sumu." Tafadhali. Lile ua la waridi au jeupe linalopandwa mbele ya nyumba nyingi, wataalamu wa mimea wanaliita Catharanthus roseus, asili yake Madagaska, ndilo chanzo cha vinkristini. Vinkristini tunaitumia kila wiki kwa watoto wenye saratani na kwa wagonjwa wa saratani ya Kaposi. Dozi ya mtu mzima kwa mara moja kwa kawaida haizidi miligramu 2, kwa sababu ikizidi inaharibu mishipa ya fahamu. Hakuna anayemtafunisha mtoto maua hayo na kutarajia tiba. Hatujadharau mmea, tumeuheshimu kiasi cha kuutoa kilichomo, kukisafisha na kukipima. Kichupa cha Tunduma hakijapimwa na mtu yeyote. Huwezi kujua kina THC kiasi gani, kilichujwa kwa spiriti au kwa petroli, wala kama kina bangi kweli.

Madhara yake tunayaona. Bangi inazidisha usingizi kwa anayetumia mofini, dawa ya maumivu makali, na mzee akiamka usiku anaanguka. CBD inazuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingine, hivyo dawa kama wafarini, inayozuia damu kuganda, inaweza kupanda kwenye damu hadi mgonjwa avuje damu. Anayevuta moshi wakati chembe zake nyeupe za damu zimeshushwa na dripu anaweza kuvuta pia kuvu wanaoshambulia mapafu. Na anayetumia sana kwa muda mrefu anaweza kupata kutapika kusikokoma, tatizo lilelile alilodhani analitibu.

Sasa sheria. "Zambia na Malawi wameruhusu, sisi tunachelewa nini?" Zambia iliamua mwishoni mwa mwaka 2019, na Bunge la Malawi likapitisha sheria yake Februari 2020. Zote mbili zimeruhusu kilimo chenye leseni kwa ajili ya dawa, viwanda na kuuza nje. Hazikuruhusu kichupa kisicho na lebo kuvuka mpaka ndani ya begi la nguo. Desemba 2020 kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25 na mmoja hakuegemea upande, kuiondoa bangi kwenye Jedwali la Nne, lenye masharti makali zaidi, la mkataba wa dawa za kulevya wa mwaka 1961. Ilibaki Jedwali la Kwanza, ambako mofini nayo imo: vitu vinavyodhibitiwa kwa nguvu.

Kwetu Tanzania inasimama Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 na marekebisho yake. Kulima bangi ni kosa. Kuimiliki ni kosa. Kuisafirisha ni kosa ambalo mahakama zetu zimekuwa zikilitolea hukumu ya miaka 30 jela, na mzigo ukiwa mkubwa, kifungo cha maisha. Mwenye shamba anayemruhusu mwingine apande kwake naye anaingia hatiani. Usitegemee kwamba neno "ni ya mgonjwa" litakuwa kinga barabarani. Kwa tiba au utafiti, ni lazima kiwepo kibali cha mamlaka. Anayetengeneza na kuuza kitu akikiita dawa bila kukisajili anakutana pia na sheria ya dawa na vifaa tiba, na akijiita mganga, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayomtaka asajiliwe na Baraza. Haya nayarudia kwa urefu kwa sababu wanaokamatwa huwa ni ndugu waliotumwa, na mgonjwa anabaki hana wa kumuuguza.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wanahatarisha haya yote kutafuta nafuu ambayo hospitali inayo. Kwa kutapika tuna ondansetroni, deksamethasoni na metoklopramidi. Mwambie daktari kwamba dawa ya mwanzo haikutosha, ataongeza au atabadilisha. Kwa maumivu makali tuna mofini ya maji. Utaratibu wetu ni huu: daktari anaandika cheti chenye jina, dozi na idadi ya siku; mfamasia anahakiki, anatoa dawa kwenye kabati la kufuli mbili, anaandika kwenye rejista, na anayepokea anasaini. Hunywewa kila baada ya saa 4, na dozi ya kulalia inaweza kuongezwa mara mbili ili mgonjwa asiamke usiku. Tunatoa na dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini inafunga tumbo. Mgonjwa akifariki, iliyobaki inarudishwa kwetu. Na hili la "mofini ndiyo inayowamaliza wagonjwa", naomba liishe. Kinachowamaliza ni ugonjwa. Mofini iliyopimwa vizuri inawawezesha kulala, kula na kuzungumza na watoto wao.

Tulishapita hapa. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Babu, na wapo walioacha dawa za ARV wakiamini wamepona. Miezi inayopotea ina gharama. Saratani ya shingo ya kizazi iliyo changa inaweza kuondolewa kwa upasuaji. Ikisambaa, tunazungumzia mionzi, na safari ya kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara 6 zaidi ya kupata saratani hii, na mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ina maambukizi mengi. Uchunguzi wa kupaka siki kwenye shingo ya kizazi ili kuona dalili za mwanzo hufanyika kliniki kwa dakika chache. Familia inayouza magunia ya mpunga Kyela kulipia mafuta ingeweza kutumia fedha hiyo kwa nauli na vipimo.

Kama mgonjwa wako ameshaanza kuyatumia, msimkatishe dripu wala mionzi, na msifiche. Msibebe kichupa kuja nacho. Kukibeba ni kosa kama nilivyoeleza, na hatukihitaji. Njoo utueleze kwa mdomo: ameanza lini, matone mangapi, mara ngapi kwa siku, amekunywa au amevuta, na dawa gani nyingine anazo, pamoja na za kienyeji. Maelezo ya mgonjwa ni siri ya tiba. Tunayataka ili tupange upya dozi ya mofini na kuangalia damu yake kabla ya dripu inayofuata, basi mlete kabla ya siku hiyo, si asubuhi yake.