Turbo haijafa: dhana potofu kuhusu presha ndogo kwenye magari ya dizeli

Mkulima mmoja wa tumbaku alifika gereji kwetu hapa Tabora akitokea Urambo, pesa ya turbo iko mfukoni. Pikapu yake ya dizeli ilikuwa haivuti, inatoa moshi mweusi kila akikanyaga mafuta, na fundi wa kwanza alishamwambia turbo imekufa. Tulipofungua kava la chini tukakuta hosi ya mpira inayotoka kwenye turbo kwenda intakula (kipoza hewa) imechanika upande wa chini, pale pale inapobanwa na klampu. Tukaweka hosi nyingine, tukakaza klampu, mzee akarudi Urambo na pesa yake karibu yote. Naumia nikifikiria ni wangapi wamelipia turbo kwa sababu ya mpira uliochanika. Ndiyo maana naziandika hapa dhana ninazozisikia kila mara.

Dhana: Gari likikosa nguvu, turbo imekufa

Turbo ni mapangaboi mawili madogo kwenye shafti moja. Moshi unaotoka injini unalizungusha la kwanza. La pili linavuta hewa kupitia kwenye chujio na kuisukuma ndani ya injini. Njiani hewa hiyo inapita kwenye mabomba, kwenye hosi za mpira, na kwenye intakula inayoipoza. Ikivuja popote kati ya hapo, presha inashuka ingawa turbo yenyewe ni nzima. Moshi nao ukivuja kabla ya kuifikia turbo, kwa mfano kwenye gasketi ya manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa injini), turbo inakosa cha kuizungusha. Valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) ikikwama wazi, au njia ya ekzosi ikiziba, matokeo ni hayo hayo.

Rangi ya moshi inasaidia. Ukiwa mweusi, mafuta yapo ila hewa haitoshi. Gari likiwa zito na moshi hautoki, angalia na chujio la dizeli, kwa maana mafuta yakipungua, nguvu ya moshi inapungua, na turbo haifiki kasi yake. Ila magari mapya yana chujio la masizi kwenye ekzosi linaloficha moshi, kwa hiyo rangi pekee isikupe uamuzi.

Mpasuko unaosumbua zaidi ni ule usioonekana injini ikiwa imezimwa. Midomo ya mpira imefumba, ukishika unaona hosi nzima. Presha ikipanda inafunguka. Dalili yake ni uchafu. Hewa inayovuja inatoka na ukungu wa oili, na vumbi la kiangazi linaganda hapo hapo, kwa hiyo tafuta sehemu iliyolowa na kuwa nyeusi. Ukitaka uhakika, ziba mdomo wa turbo upande wa chujio la hewa kwa kizibo chenye valvu ya tairi, ingiza hewa ya kompresa polepole, nusu bar inatosha, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo na kila mkunjo wa hosi. Povu litakuonyesha. Ukisikia hewa ikipita ndani ya injini usishtuke, baadhi ya valvu huwa wazi.

Na anayeamua kuvumilia hosi inayovuja ajue jambo hili. Kompyuta ikiona presha haifiki, inaiagiza turbo iongeze kasi. Shafti ambayo kwa kawaida huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika inapelekwa kupita uwezo wake. Turbo iliyokuwa nzima inakufa kweli, kwa ajili ya hosi.

Dhana: Mashine imesoma P0299, basi badilisha turbo

P0299 ni kodi, yaani namba ya hitilafu ambayo mashine ya uchunguzi huisoma kwenye kompyuta ya gari. Inasema kwamba presha iliyopatikana ni ndogo kuliko iliyoagizwa. Imeishia hapo. Haijataja kifaa chochote, na fundi anayemsomea mteja kodi kisha akamtajia bei ya turbo bado hajapima kitu.

Mashine hiyo hiyo inaweza kukuonyesha presha inayoagizwa na presha halisi, pamoja, gari likitembea. Tafuta barabara iliyo wazi, weka gia ya tatu, anzia mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, kanyaga mpaka chini, na mwenzako ndiye asome. Kupiga resi gari likiwa limesimama gereji hakutoi jibu, maana injini isiyo na mzigo haihitaji presha kubwa.

Dhana: Sensa inasoma 88, imeharibika

Hii ni ya kwetu sisi tunaoishi mwinuko wa juu. Kijana mmoja alishabadilisha sensa ya presha mara mbili kwa sababu alisoma mahali kwamba swichi ikiwashwa na injini imezimwa, lazima ionyeshe kilopaskali 101. Hiyo 101 ni presha ya hewa kwenye usawa wa bahari. Dar es Salaam utaipata. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yetu ni karibu 88. Ukiteremka Kigoma mpaka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi, utasoma karibu 92. Sensa zake zote zilikuwa zinasema kweli.

Hesabu za barabarani nazo zinaharibikia hapo. Sensa nyingi hujumlisha hewa ya mahali ulipo. Ikisoma 190 ukiwa Tabora, toa 88: turbo imeongeza 102, yaani takriban bar moja. Sensa ya kutiliwa shaka ni ile ambayo injini ikiwa imezimwa inasoma mbali kabisa na hewa ya mahali hapo. Ifungue kwanza uitazame mdomo, mara nyingi umejaa masizi. Safisha kwa dawa yake, usichokonoe kwa waya.

Dhana: Oili kwenye bomba maana yake turbo imekwisha

Utando mwembamba wa oili ni kawaida, unatoka kwenye njia ya kupumulia ya injini. Oili iliyotuama ndani ya intakula pamoja na moshi wa bluu ndiyo habari nyingine. Shika shafti kwa vidole, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kucheza kidogo sana kwa pembeni si ugonjwa. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mapanga yanagusa ukuta, hapo turbo imechoka.

Dhana: Kaza skrubu ya mkono wa turbo, nguvu itarudi

Hapa gari linafichiwa ugonjwa. Mkono huo ndio unaogeuza vijipanga vya ndani vinavyoelekeza moshi ndani ya turbo. Kwenye magari mengi mkono huo unavutwa na vakyumu (nguvu ya kunyonya hewa) kupitia kahosi kembamba ambako joto la injini hukakausha na kukapasua. Chukua pampu ya mkono ya vakyumu, vuta: mkono utembee taratibu bila kukwama na ubaki pale ulipofika. Ukirudi wenyewe, kibofu cha mpira kinachouvuta kimetoboka. Ukikwamakwama, vijipanga vya ndani vimeshikwa na masizi, na hivyo husafishwa. Magari kama Toyota yenye injini ya 1KD hutumia mota ya umeme badala ya vakyumu, hayo yapimwe kwa mashine.

Dhana: Toa chujio la hewa, gari lipumue

Chujio lililoziba linapunguza presha, hilo ni kweli. Weka jipya. Vumbi la hapa kati ya Juni na Oktoba linakwangua mapanga kama msasa, na ukishaliruhusu kuingia halina dawa.

Dhana: Turbo mpya inamaliza tatizo

Vipimo vikiishia kwenye turbo kweli, jiulize kwanza ile ya zamani imeuawa na nini. Mara nyingi ni bomba lake la oili lililoziba kwa oili iliyoungua, na mpya itakufa vile vile. Badilisha bomba hilo, mwaga oili ya zamani na chujio lake, safisha intakula isibaki na vipande vya chuma. Jaza oili safi kwenye tundu la turbo kabla ya kufunga bomba, kisha piga stata bila injini kuwaka mpaka taa ya oili izime.