Je, wajua? Mtoto anaingiaje kwenye bendi ya Dixieland bila noti wala mazoezi, na asiharibu?

Ilikuwa jioni ya Julai katika mji mdogo wa Marekani. Saa ilisema saa mbili kasoro robo usiku, jua likasema bado. Watu wamekaa bustanini kwenye viti vya kukunja walivyobeba wenyewe, na ndani ya kibanda cha bendi wazee saba wenye mashati ya mistari wanapiga jazi ya zamani, ile inayoitwa Dixieland. Kiingilio hakuna. Ni bendi ya mtaa tu: mmoja mwalimu mstaafu, mwingine daktari wa meno, na kila majira ya joto hupigia majirani zao.

Katikati ya onyesho kiongozi, mpiga koneti (binamu mfupi wa tarumbeta), akamwita binti wa miaka kama 14 aliyekuwa amekaa na wazazi wake, klarineti, ile zumari ya mti, mapajani. Akamnong'oneza jina la wimbo na sauti ya kuanzia. Basi. Akahesabu kwa mguu, wakaanza. Koneti ikaimba, klarineti ya binti ikazunguka juu yake, tromboni, tarumbeta kubwa yenye mkono wa kuteleza, ikaguna chini, zote tatu kwa wakati mmoja, kila moja na njia yake, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake.

Nikamgeukia mwenyeji wangu nikatoa hukumu, kwa uhakika wa mtu asiyejua: "Raha ya muziki huu ni kwamba kila mtu anapiga anachotaka." Mwenyeji wangu aliwahi kupiga tromboni shuleni. Akanitazama kwa huruma. "Jaribu siku moja kupiga unachotaka," akasema, "uone kama watakuita tena."

Kosa langu lilikuwa na mizizi ya nyumbani. Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tumezoea neno jazi bila kuliuliza maswali. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, OK Jazz ya Kinshasa: kilichopigwa humo kilikuwa zaidi rumba ya magita kuliko jazi ya New Orleans, mji wa kusini mwa Marekani ilikozaliwa, na jina lilikaa kama koti la kuvutia. Kwa hiyo nilipokutana na jazi yenyewe nilibaki na uvumi tu: ni muziki wa kubuni papo hapo, hauna sheria. Uvumi huo una makosa mawili ndani yake, na yote mawili nilikuwa nayo.

Kosa la kwanza ni hilo la kila mtu na lake. Hebu fikiria baraza la jioni, kahawa chungu imeshamiminwa. Mzee mmoja anasimulia kisa cha harusi iliyovunjika. Pembeni yake yuko mtia chumvi. Kisa anakijua, kwa sababu harusini alikuwepo, na kila mzee akitaja jambo yeye hulipamba: "gauni jeupe" kwa mzee likawa "jeupe, lina lulu, linaburuta hadi barabarani" kwa mtia chumvi. Wa tatu ni mwitikiaji. Maneno yake machache, sauti yake nzito, na hungoja mzee anapomeza kahawa ndipo aseme "Ehee!" au "Yakhe, ikawaje?", akimsukumia mzee kwenye sentensi inayofuata.

Koneti, au tarumbeta, ndiyo mzee msimulizi. Kazi yake ni kuubeba wimbo ule ambao watu wanaujua. Anaruhusiwa kuchelewesha neno hapa na kulikaza pale, lakini haruhusiwi kukiacha kisa. Klarineti ni mtia chumvi: hukimbia juu ya wimbo kwa sauti nyingi ndogondogo. Tromboni ni mwitikiaji, ikijibu pale koneti inapovuta pumzi na kuteleza kutoka sauti moja hadi nyingine kuitangaza sentensi inayokuja.

Uchukue wimbo wa "When the Saints Go Marching In", ambao hata mashabiki wa mpira wanaufahamu. Mstari wa kwanza una sauti tatu fupi, kisha moja ndefu, kisha pengo. Pengo hilo si kimya cha bahati mbaya. Ni kikombe cha kahawa cha mzee. Mtoto aliyeambiwa "wewe jibu pale anaponyamaza" tayari amepewa nusu ya kazi, na hajasoma noti hata moja. Tena wimbo mzima una vipande 16 tu vya mapigo manne manne, na kordi tatu za msingi, yaani mafungu ya sauti zinazopigwa pamoja, zinatosha kuubeba. Ukifika mwisho unarudi mwanzo. Binti aliyejua kordi hizo alijua muda wote yuko chumba gani cha nyumba, hata kama hakujua atakalia kiti kipi.

Utaona basi kwa nini msimulizi ndiye mwenye adabu kuliko wote. Mzee wa barazani akianza naye kutia chumvi, kisa kinapotea na wenzake hawana cha kushika. Wapiga koneti wazuri wa mtindo huu hucheza karibu na wimbo pale wote watatu wanapopiga pamoja. Majivuno huyaweka akiba kwa zamu ya kupiga peke yao.

Mfano wangu una kikomo, nakubali. Barazani watu hawasemi wote kwa mpigo, au wakisema, hakuna anayesikia kitu. Kwenye bendi wanasema pamoja na sikio linawatenganisha. Sababu moja iko kwenye mabomba yenyewe. Ukiunyoosha mrija wa tarumbeta unapata kama mita 1.4, wa tromboni ni kama mita 2.7, karibu mara mbili, na mrija ukiwa mrefu mara mbili sauti hushuka oktava nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake. Kwa hiyo tromboni ina ghorofa yake ya chini bila kuombwa. Klarineti ina urefu wa sentimita kama 66 tu, lakini husafiri zaidi ya oktava tatu. Ikikaa ghorofa moja na koneti itamezwa, maana mti hauwezi kushindana kelele na shaba. Ikipanda juu, inapenya kama filimbi ya trafiki katikati ya honi. Inapanda kwa sababu huko ndiko inakosikika.

Mpenzi wa sebene analijua jambo hili kwa jina jingine: gita la solo, mi-solo, ridhimu na besi, kila moja na urefu wake na kazi yake. Hakuna anayesema wapiga magita hao wanapiga wanachotaka. Mimi ambaye ningecheka mtu akisema hivyo kuhusu sebene, nililisema kuhusu Dixieland mbele za watu.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuling'oa: kudhani kwamba kila sauti inazaliwa pale pale. Kuna wimbo wa mwendo wa gwaride wa mwaka 1901 uitwao "High Society". Zamu yake maarufu ya klarineti kwa asili ilikuwa sehemu ya pikolo, filimbi ndogo, iliyoandikwa kwenye karatasi. Alphonse Picou wa New Orleans ndiye husifiwa kwa kuihamishia kwenye klarineti, na tangu hapo wapiga klarineti wamekuwa wakiikariri sauti kwa sauti. Kwa muda mrefu ilikuwa kama mtihani wa kuingia. Msikilizaji anashangilia ubunifu. Mpigaji anatoa alichohifadhi, kama mtu anayesoma shairi la kale kwa sauti yake.

Ushahidi mwingine uko kwenye santuri. Mpiga koneti King Oliver na Creole Jazz Band yake ya Chicago walirekodi "Dipper Mouth Blues" Aprili 1923, wakairudia Juni mwaka huohuo kwa kampuni nyingine. Zamu ya koneti ya Oliver katika santuri hizo mbili inakaribiana mno. Kilikuwa kitu alichokwisha kukijenga na kukipenda. Na koneti ya pili kwenye bendi hiyo alikuwa Louis Armstrong, wakati huo na miaka 21. Wawili hao walikuwa na mchezo wa kuchomoka pamoja, koneti mbili bila bendi, kana kwamba kila mmoja amesoma mawazo ya mwenzake. Watu wa Chicago walidhani ni miujiza. Baadaye Armstrong alieleza: Oliver alikuwa akimdokeza mapema, wakati bendi bado inapiga, kipande atakachopiga. Hadhira iliangalia tu mahali pasipokuwa na siri.

Hapa lazima niweke breki, nisije nikatoka kosa moja nikaingia la upande wa pili. Kubuni kupo, tena kwingi. Kisha ushahidi wa miaka ya mwanzo ni mwembamba. Buddy Bolden, anayetajwa kama mfalme wa kwanza wa muziki huu, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1907, na hakuna rekodi yake hata moja iliyopatikana. Santuri za kwanza za jazi ni za Februari 1917, jijini New York, na waliozirekodi walikuwa Wazungu watano wa New Orleans, Original Dixieland Jass Band, ilhali muziki huo ulikuwa umekuzwa zaidi na Weusi na Wakrioli (watu wa damu mchanganyiko) wa mji huo. Ndiyo maana hata jina lina kero: "Dixie" ni jina la Kusini ya Marekani lenye harufu ya enzi za utumwa, na wanamuziki wengi wa New Orleans wanapendelea kusema jazi ya asili au jazi ya New Orleans. Hata hadithi kwamba mtelezo wa tromboni ulitokana na mpigaji kukaa nyuma kabisa ya mkokoteni wa farasi, ili mkono wa chombo usimgonge mtu, ni tamu, na inaweza kuwa kweli, ila nami naijua kama wengi wanavyoijua: kwa kusimuliwa.

Sasa yule binti. Kwa nini klarineti, na kwa nini Julai? Shule nyingi za Marekani zina bendi, na watoto wengi hupewa chombo wakiwa na miaka 10 au 11: klarineti, tarumbeta, tromboni, tuba, ngoma. Sasa zitazame bendi za New Orleans za mwaka 1900: ni karibu vyombo vilevile, kwa sababu zote mbili ni wajukuu wa bendi za kijeshi. Pwani yetu ina binamu yao, ngoma ya beni ya Lamu na Mombasa, iliyochukua matarumbeta na gwaride la wakoloni ikayageuza kuwa mashindano ya mitaa. Majira ya joto shule zimefungwa, jioni ni ndefu, bustani zinajaa, na bendi ya wazee inajikuta na akiba ya vijana wenye vyombo sahihi na muda wa kupoteza.

Kumwingiza mtoto katikati ya wakubwa si jambo jipya kwa muziki huu. Armstrong mwenyewe alifundishwa koneti mwaka 1913 katika bendi ya nyumba ya watoto watukutu, alikopelekwa baada ya kufyatua bastola usiku wa mwaka mpya. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970, jazi ya gwaride ilipokuwa ikizeeka pamoja na wapigaji wake, Danny Barker, mpiga banjo na gita aliyerudi New Orleans mwaka 1965 baada ya miongo New York, alianzisha bendi ya watoto katika kanisa la Fairview Baptist. Tarumbeta iliongozwa na kijana wa mtaa huo, Leroy Jones, akiwa na miaka kama 12. Kwenye bendi hiyo walipita pia Wynton na Branford Marsalis, ndugu wawili waliokuja kuwa nyota wa jazi, Herlin Riley mpiga ngoma, Lucien Barbarin wa tromboni na Michael White wa klarineti. Kwa bendi ya kanisa, hayo ni mavuno ambayo vyuo vya muziki vingeyaonea wivu. Njia yake ndiyo ileile ya barazani: mtoto anakaa karibu na mkubwa, anasikia pengo liko wapi, anajibu.

Kuna kipande kimoja cha ramani ambacho binti alikijua na mimi sikukijua. Wimbo wa Dixieland mara nyingi huanza wote pamoja, kisha zamu za mmoja mmoja, kisha wote tena kwa kelele zaidi. Halafu bendi inakata ghafla. Mpiga ngoma anabaki peke yake kwa mapigo 16, na wenzake wanarudi kupiga kipande cha mwisho mara ya pili. Ni desturi ya kale, haihitaji ishara.

Bendi ilipokata, nikasimama nikapiga makofi, peke yangu, bustani nzima. Mpiga ngoma aliendelea kana kwamba hakuniona. Binti hakuwa ameteremsha klarineti hata kidogo. Alikuwa ameshavuta pumzi.