Vibao 11 vya Maqdala: Nyara Ambazo Hata Makumbusho Haiwezi Kuzionyesha

Watu wakizungumzia mali za Ethiopia zilizoko Uingereza, hutaja kwanza taji la dhahabu lililoko Victoria and Albert Museum, London. Ni taji zuri kweli. Lakini kwa sisi tunaofanya kazi ya makumbusho, mtihani mgumu zaidi uko British Museum, kwenye vibao 11 vitakatifu ambavyo mgeni yeyote hawezi kuviona.

Kila kibao huitwa tabot. Ni cha mbao au cha jiwe, nacho huwakilisha Sanduku la Agano. Katika Kanisa la Othodoksi la Ethiopia, jengo lisilo na tabot si kanisa. Kibao hicho ndicho kinacholiweka jengo wakfu. Siku ya Timkat, sikukuu ya Ubatizo wa Yesu, mwezi wa Januari, hutolewa nje kichwani mwa kasisi, kikiwa kimefunikwa vitambaa vya thamani, na umati ukakifuata kwa nyimbo bila kukitazama. Muumini wa kawaida haruhusiwi kukiona.

Vibao hivyo vilifikaje London? Vingi vilitoka Maqdala, ngome ya mlimani ya Mfalme Tewodros wa Pili. Mwaka 1862 Tewodros alimwandikia Malkia Victoria barua ya kutafuta urafiki. Barua ilikaa bila kujibiwa. Mfalme akakasirika, akamfunga konseli wa Uingereza, Charles Cameron, pamoja na Wazungu wengine, na Uingereza ikatuma jeshi kutoka Bombay chini ya Robert Napier: askari wapatao 13,000, wengi wao Wahindi, na tembo 44.

Hapa pana jambo ambalo simulizi nyingi hulipita haraka. Baada ya kushindwa vibaya kwenye mapigano ya Aroge tarehe 10 Aprili 1868, Tewodros aliwaachia mateka wa Kizungu. Kwa hiyo ngome iliposhambuliwa tarehe 13 Aprili, waliofuatwa walikuwa tayari wako salama. Mfalme alijiua kwa bastola aliyokuwa amezawadiwa na Malkia Victoria mwenyewe. Ndipo askari wakaingia katika hazina na katika kanisa la Medhane Alem, wakabeba walichoweza, na ngome ikachomwa moto.

Nyara zilipakiwa juu ya tembo 15 na nyumbu karibu 200 hadi uwanda wa Dalanta, zikapigwa mnada kwa siku mbili, na fedha wakagawiwa askari. Miongoni mwa wanunuzi wakubwa alikuwa Richard Holmes, mtumishi wa British Museum aliyefuatana na jeshi akiwa na fedha za kununulia. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu makumbusho nyingi hujitetea kwamba zilinunua baadaye, kwa nia njema, bila kujua chanzo. Katika kisa hiki, mtu wao alikuwa palepale mnadani.

Madai ya kurejeshewa hayakuanza juzi. Mwaka 1872 Mfalme Yohannes wa Nne aliomba vitu viwili: kitabu cha Kebra Nagast, kinachosimulia asili ya wafalme wa Ethiopia, na picha takatifu ya Kristo. British Museum ilikuwa na nakala mbili za kitabu hicho, ikarudisha moja. Picha haikuonekana, Holmes alikuwa ameichukua kuwa yake, akanyamaza. Wakati huo alikuwa mkutubi wa Malkia katika kasri la Windsor!

Leo kikwazo kinachotajwa ni sheria ya Bunge ya mwaka 1963, inayowazuia wadhamini wa British Museum kutoa vitu vilivyo katika mkusanyo. Ukuta huohuo unawakabili Wapokomo wa Mto Tana, Kenya, ambao ngoma yao takatifu, Ngadji, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902 na imo katika ghala la makumbusho hiyohiyo.

Hata hivyo sheria hiyo ina mwanya. Inaruhusu kitu kutolewa iwapo wadhamini wataona hakifai kubaki katika mkusanyo, na kukitoa hakutawadhuru wanaosoma na kutafiti. Sasa tazama vibao vyetu. Havionyeshwi. Havifanyiwi utafiti. Wanaoruhusiwa kuvifikia ni makasisi wa Ethiopia tu, na makumbusho yenyewe inaheshimu mwiko huo. Ni mwanafunzi gani atakayepungukiwa vikiondoka? Mimi simwoni, na wanasheria wanaoitetea Ethiopia wameshaijenga hoja hiyo vizuri kuliko mimi.

Wasiobanwa na sheria hiyo wameanza kuachia. Kanisa la St John's la Edinburgh lilirudisha tabot yake mwaka 2002, baada ya kuikuta kabatini. National Army Museum ilirudisha nywele za Tewodros mwaka 2019. Westminster Abbey, yenye tabot iliyofichwa ndani ya madhabahu, ilikubali kimsingi mwaka 2024 kuirejesha.

British Museum kwa upande wake imesema lengo lake la muda mrefu ni kuviazimisha vibao hivyo kwa kanisa la Ethiopia lililoko Uingereza, vitunzwe na makasisi kwa taratibu zao. Yaani kanisa litie saini fomu ya kuazima kitu ambacho bila hicho lenyewe si kanisa, na siku ya mwisho likirudishe ghalani.