Je, wajua? Kwa nini mteja aliyemaliza deni huonekana analidai duka

Chukua duka la vifaa vya ujenzi linalotunza kumbukumbu zake kwenye hifadhidata. Ankara namba 17 ina bidhaa tatu: saruji mifuko 10 kwa shilingi 18,000 kila mmoja, nondo 5 kwa 24,000, na misumari kilo 4 kwa 5,000. Jumla ni 320,000. Mteja amelipa kwa awamu mbili, 160,000 kila awamu, kwa hiyo hadaiwi hata senti. Bidhaa ziko kwenye jedwali moja, malipo kwenye jingine, na salio linatafutwa kwa amri hii ya SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata (b ni bidhaa, m ni malipo, SUM hujumlisha):

SELECT SUM(b.idadi * b.bei) - SUM(m.kiasi)
FROM bidhaa b JOIN malipo m ON m.ankara = b.ankara
WHERE b.ankara = 17;

Jibu ni hasi 320,000. Yaani duka ndilo linalodaiwa.

Wa kwanza kushukiwa huwa karani: lazima kuna malipo aliyoyaingiza mara mbili. Hakuna. Kumbukumbu ni safi na mashine imejumlisha sawasawa. Tatizo ni kile ilichopewa ikijumlishe.

Kazi ya JOIN ni kutoa kila jozi ya mistari inayotimiza sharti. Hapa sharti ni namba ya ankara tu. Bidhaa tatu ni za ankara 17, malipo mawili nayo ni ya ankara 17, basi zinatoka jozi sita. Ni kama harusini, wageni watatu wa upande wa bibi wakipeana mikono na wawili wa upande wa bwana, kila mmoja na kila mmoja. Salamu ni sita, watu ni watano. Anayehesabu watu kwa kufuata salamu atamhesabu kila mgeni wa bibi mara mbili na kila mgeni wa bwana mara tatu. Ndivyo bidhaa za 320,000 zinavyofika 640,000, na malipo ya 320,000 yanavyofika 960,000. Toa moja kwa nyingine, unapata ile hasi.

Dawa inayopendwa ni kutia DISTINCT ndani ya SUM zote mbili, kwa imani kwamba itaondoa marudio. Imani hii ni ngumu kufa kwa sababu mara nyingi dawa huonekana imefanya kazi. Lakini SUM(DISTINCT m.kiasi) haiulizi kama haya ni malipo yaleyale; inauliza kama kiasi ni kilekile. Awamu zetu mbili zina 160,000 sawasawa, basi moja inatupwa, na mteja anageuka tena: sasa anadaiwa 160,000. Angelipa 150,000 na 170,000, hesabu ingetoka sahihi na kosa lingebaki limejificha. Wapo pia wanaogawa jumla ya malipo kwa idadi ya bidhaa, na jumla ya bidhaa kwa idadi ya malipo. Kwa ankara moja hilo linakubali; kwa ankara nyingi zilizojumlishwa pamoja, zenye bidhaa tatu hapa na tisa pale, halina maana tena.

Kinachoficha zaidi ni majaribio. Ankara yenye bidhaa moja na malipo moja hutoa jibu sahihi, na ankara za kujaribia programu huwa hivyohivyo.

Edgar Codd, aliyeasisi hifadhidata za majedwali akiwa IBM, alionya juu ya jambo la jamii hii katika makala yake ya mwaka 1970. Ukijua msambazaji anauza vipuri gani, na mradi unatumia vipuri gani, bado hujui msambazaji yupi anauhudumia mradi upi. Kwetu pia: hakuna mahali palipoandikwa kwamba awamu ya kwanza ililipia nondo. JOIN inaziweka pamoja kwa kuwa hakuna aliyeikataza.

Tiba ni kujumlisha kabla ya kuunganisha. Bidhaa zijumlishwe peke yake hadi kila ankara ibaki na mstari mmoja, malipo vivyo hivyo, kisha mistari hiyo ndiyo ikutane. Njia nyingine ni kuwa na jedwali moja la miamala, mauzo yakiwa chanya na malipo hasi, ambapo salio ni SUM moja tu. Ni nzuri kwa daftari la madeni, ingawa si mahali pa kutunzia mifuko na kilo. Na bei ikae kwenye mstari wa ankara, isisomwe kwenye orodha ya bei, la sivyo saruji ikipanda leo ankara za mwaka jana zitapanda nayo.

Hata baada ya hapo kuna kona moja. Aliyechukua mali bila kulipa chochote hana mstari kwenye malipo, kwa hiyo JOIN ya kawaida humwondoa kabisa kwenye orodha ya wadaiwa. LEFT JOIN, inayobakiza hata ankara isiyo na malipo, humrudisha, lakini jumla yake ya malipo huwa NULL, yaani thamani isiyojulikana, na 320,000 kutoa NULL ni NULL. Mdaiwa asiyelipa hata senti anatokea akiwa na nafasi tupu mahali pa deni, mpaka jumla hiyo ya malipo iandikwe ndani ya COALESCE ili NULL isomwe kuwa 0.