Reli ya Voi–Taveta ilijengewa mizinga

Wageni ninaowatembeza hapa Mombasa huniuliza kama reli ya Taveta ilijengwa kubeba mkonge. Hapana. Ilijengewa mizinga.

Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliotawala Tanganyika walivuka mpaka wakaitwaa Taveta. Kutoka huko vikosi vyao vidogo vilipenya nyikani na kulipua njia kuu ya Mombasa–Nairobi. Waingereza walitaka kuwafuata, lakini kati ya Voi na Taveta ni nyika kavu, kilomita 100 na ushei, na punda, ng'ombe na mpagazi wote wanataka maji. Basi mapema 1915 kampuni za reli za jeshi la India zikaanza kutandika mataruma kutoka Voi. Katikati ya mwaka vyuma vilikuwa vimefika Maktau, na maji yakavutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Mbele kulikuwa na kilima cha Salaita, na Wajerumani juu yake. Shambulio la 12 Februari 1916 lilishindwa vibaya. Mwezi uliofuata Wajerumani wakazungukwa, wakahama, reli ikasonga.

Utamu wenyewe, kwa sisi wagonjwa wa reli, ni upana. Mjerumani alijenga njia yake ya Tanga–Moshi kwa upana wa mita 1. Mwingereza naye aliijenga Reli ya Uganda, ndiyo ile njia kuu ya Mombasa–Nairobi, kwa upana huohuo, akifuata vifaa vya India. Maadui wawili, kipimo kimoja! Vyuma vilipokutana Kahe, kwenye njia ya Tanga–Moshi, behewa lililopakiwa Kilindini, bandari ya Mombasa, liliweza kufika Moshi bila kupakuliwa njiani.

Vita vikaisha, ikaanza fitina ya bandari: kahawa ya Kilimanjaro ishuke Tanga au ije kwetu? Watu wa Tanga walinung'unika, na mimi, ingawa ni wa Mombasa, naona walikuwa na haki. Tawi likaishi kwa mzigo huo na mkonge wa mashamba ya Taita na Taveta.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli la pamoja likagawanywa, na Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983. Njia iliyokuwa na ncha mbili ikabaki mkia. Malori yakafanya yaliyosalia.

Ukienda Taveta, shuka Maktau. Kuna makaburi ya askari wa Kihindi. Ya wapagazi, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariakoo, usiyatafute.