Pumpernickel: Asili ya Jina na Masharti ya Kulitumia

Wasomaji walioko Ujerumani bado wanatuuliza kama Napoleon ndiye aliyeupa pumpernickel, mkate mweusi wa rai (nafaka ya jamii ya ngano), jina lake. Hapana. Inasimuliwa kwamba alipoandaliwa mkate huo aliukataa, akasema kwa Kifaransa "bon pour Nickel", yaani unamfaa Nickel, farasi wake. Napoleon alizaliwa 1769, na neno lilikwisha kuandikwa katika karne ya 17. Tafadhali msiendelee kuisambaza hadithi hiyo.

Neno limeungwa kwa kitenzi na nomino, kama kifunguakinywa. Pumpern, kwa lahaja, ni kutoa ushuzi. Nickel ni kifupi cha Nikolaus, jina walilopachikwa pia washamba na mapepo. Kwanza lilikuwa tusi kwa mtu asiye na adabu, kisha likahamia kwenye mkate mzito wa Westfalen, magharibi mwa Ujerumani, unaojaza tumbo gesi. Wala halitokani na madini ya nikeli. Wachimbaji madini wa Sachsen, mashariki mwa Ujerumani, waliliita Kupfernickel (Kupfer ni shaba) jiwe lililofanana na mawe ya shaba lakini halitoi shaba, wakidhani pepo amelichezea. Mwaka 1751 mkemia Mswidi Axel Cronstedt akapata nikeli katika jiwe la aina hiyo, na jina la nikeli likaanzia hapo.

Sasa masharti ya mkate kuitwa pumpernickel. Mwongozo wa vyakula wa Ujerumani unataka angalau asilimia 90 ya nafaka iwe rai iliyoparazwa, na mkate uokwe si chini ya saa 16. Huokwa kwa mvuke na moto mdogo, ndiyo maana hauna ganda gumu, na sukari ya nafaka hugeuka kahawia polepole. Weusi peke yake si ushahidi: sharubati ya kiazisukari au kimea hutia rangi mkate wowote. Soma orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito, kikubwa kwanza. Rai huandikwa Roggen. Ukikuta Weizen, yaani ngano, imetangulia, huo si pumpernickel.

Mwongozo wenyewe si sheria, lakini wakaguzi na mahakama huutumia kama kipimo. Kumpotosha mnunuzi kwa makusudi ni kosa la jinai: kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au faini. Uzembe nao hutozwa faini ya kiutawala.

Ukiwa na shaka, usitupe kifungashio. Kiweke pamoja na risiti, nakili namba ya toleo na tarehe ya mwisho ya ubora, bakisha vipande kadhaa, kisha upeleke vyote Lebensmittelüberwachung, ofisi ya ukaguzi wa chakula ya mji au wilaya yako. Picha ya simu bila namba ya toleo haimsaidii sana mkaguzi.