Matibabu ya ndani ya pua kwa sainasi sugu

Sainasi ni matundu yenye hewa ndani ya mifupa ya uso: kwenye paji, mashavuni, kati ya macho na nyuma yake. Utando wake ukivimba, pua ikaziba, kamasi zikateremka kooni na harufu ikapotea kwa wiki 12 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu. Matibabu ya ndani ya pua ni dawa inayowekwa palepale penye uvimbe, haimezwi.

Kampala, penye vumbi jekundu na moshi wa mkaa, mwenye pua hiyo huishia kwenye duka la dawa na kutoka na amoksili, dawa ya kuua bakteria. Mara nyingi haimfai, kwa sababu tatizo kubwa hapa ni uvimbe, wala si bakteria tu.

Msingi ni mawili. La kwanza ni kuosha pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji, takriban mililita 240. Inama juu ya beseni, mimina kwenye tundu moja, yatoke kwa jingine. Maji ya bomba au ya jerikeni yachemshwe kwanza, kisha yapoe. Vipo vimelea adimu ambavyo ukivinywa havikudhuru, ila vikiingia puani vinaweza kuua.

La pili ni dawa ya kupuliza yenye steroidi, yaani kitulizo cha uvimbe, kama flutikasoni au mometasoni. Ipulize baada ya kuosha. Shika chupa kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, uelekeze upande wa sikio, vuta pumzi polepole. Ukionja uchungu kooni, umevuta kwa nguvu mno na dawa imepita. Hutumiwa kila siku, na nafuu huchukua wiki kadhaa. Wengi huacha siku ya nne wakidai ni feki.

Wanachokisifu ni ile nyingine, ya oksimetazolini, inayozibua pua kwa dakika chache. Ikizidi siku tano hivi, pua huziba vibaya kuliko mwanzo, na mtu hujikuta hawezi kulala bila chupa. Uliza muuzaji anakupa ipi.

Wenye nyama za puani huenda wakahitaji upasuaji, na hata baada yake huosha na kupuliza. Tena dawa hupenya vizuri zaidi, njia zikiwa zimefunguliwa. Jicho likivimba au ukaona vitu viwili-viwili, nenda hospitali siku hiyohiyo.